Kumi la Devassy

Manjakkunnu, Kerala
30 Januari 1994

Mdogo wangu Ouseph,

Asifiwe Yesu aliyetufikisha leo tukiwa na pumzi. Sisi hatujambo. Ammachi mama yetu anakusalimu, anasema uache ile tabia ya kula umesimama kama bata. Pilipili manga mwaka huu haikushika vizuri. Ng'ombe amezaa dume, kwa hiyo aliyefurahi ni ng'ombe mwenyewe tu.

Friji limefika. Wanaume wanne walilibeba kutoka barabarani, wakapita nalo katikati ya miti ya mpira, na kila mti Ammachi alikuwa akipiga kelele waukwepe. Tumeliweka sebuleni, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu. Amelifunika kichwani kitambaa cha kudarizi, na ufunguo ameufunga kiunoni. Ouseph, sina neno la kukushukuru. Friji jipya kabisa, jeupe kama altare ya Pasaka. Watu wanakuja kulitazama. Saramma jirani yangu alisimama mlangoni akauliza, "Mmeletewa friji au mmeletewa padre, mbona mmekaa wima hivyo?"

Sista wa zahanati alipopata habari akatupa insulini ya miezi mitatu kwa mpigo. Zamani, unakumbuka, tulikuwa tunaiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, na kila baada ya wiki mbili naenda kwa miguu kuchukua nyingine. Sasa shida hiyo imekwisha. Ammachi mwenyewe ndiye anayeitoa chupa kengele ya alfajiri ikilia, anaiweka mezani ipungue ubaridi, na mimi nikirudi Misa namchoma sindano. Anaipenda kazi hiyo. Kazi nyingine nimemkataza, kwa sababu kisukari kimemla vidole, havisikii tena moto wala baridi. Juzi alishika sufuria ya uji kwa mikono mitupu, ngozi ikabanduka, naye anaendelea kunisimulia mazishi ya watu wa bondeni.

Limebaki jambo la umeme. Wa hapa unaujua, jioni taa zinafifia kama makaa, kisha wenzetu wakizima zao unaruka juu kama mbuzi. Friji halitakaa bila stabilaiza ya kuusawazisha umeme huo. Usihangaike kununua huko. Mwaka wa sita huu nasuka transfoma za stabilaiza za watu wengine, nitashindwa ya mama yangu?

Sijui kama niliwahi kukueleza tunavyofanya kazi. Tuko wanawake kumi na mmoja kwenye ukumbi nyuma ya kanisa, chini ya Sista Redempta. Kampuni ya mjini inatuletea waya wa shaba na vibati vya chuma, sisi tunazungusha waya kwa mashine za mkono, wao wanachukua. Mashine zilikuja na vihesabio vidogo, lakini kutu ya masika imevila vyote, na kampuni kila siku inasema italeta vingine. Basi tunahesabu kwa rozari. Mizunguko kumi, Salamu Maria moja. Salamu Maria tatu za mwanzo na makumi matano ni mizunguko mia tano na thelathini, na hicho ndicho kipimo hasa cha koili yetu kubwa. Sista anasema Mungu alikijua kipimo kile kabla ya kampuni.

Nitakuandikia nikiimaliza. Jifunike, usije ukapata kifua kwa hizo mashine zenu za baridi.

Dada yako, Aleykutty


Sharjah
17 Februari 1994

Chechi, dada yangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea leo, nikaisoma mara tatu. Mimi mzima. Kazi ni ileile, televisheni na redio kaseti za watu zinaingia zimekufa zinatoka zinaimba. Chumbani tumebaki sita baada ya Kunjappu kurudi nyumbani. Nakula nimekaa, mwambie Ammachi.

Nimefurahi kwamba friji limefika salama. Naomba uniambie, linanguruma namna gani? Linanguruma kisha linapumzika, au linanguruma mfululizo? Nyuma ukiweka mkono pana joto la kawaida au joto la kutisha? Usione nauliza sana, ni kazi yangu, siwezi kujizuia.

Na stabilaiza, kama umeshaisuka, imepimwa? Ile ya kampuni inapimwa kabla ya kutoka, sivyo? Usiiunganishe bila kupimwa. Nakusihi, Chechi.

Usimruhusu Ammachi afunge mfungo wa Kwaresima mwaka huu. Mwambie nimekataza mimi, kwa maana wewe hakusikii.

Ouseph


Manjakkunnu
8 Machi 1994

Ouseph mdogo wangu,

Neema ya Bwana ikukute. Huku joto limepanda mpaka majani ya ndizi yamejikunja. Mafenesi yamezaa, Ammachi anakutaja kila anapoyaona.

Kuhusu mfungo, nilimwambia umekataza. Akajibu kwamba alikuzaa yeye, hukumzaa wewe. Basi tumefunga siku zetu hamsini kama kila mwaka, jikoni hapajaingia samaki wala nyama wala maziwa tangu tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita, na yeye anakula wali na mboga zake kwa wakati wake. Lakini naona kama amepungua. Ana kiu isiyokatika, anakunywa mtungi mzima wa maji moto ya jira, na miguu inamwisha nguvu akitoka kwenye kiti. Nasema ni mfungo na joto. Pasaka ikifika nitampikia bata kwa nazi na vibibi laini, atarudi.

Stabilaiza imepimwa. Bwana Sukumaran, fundi wa kampuni anayekuja Jumamosi, ameipitia mwenyewe, kwa hiyo tulia. Hukuniuliza hivyo nilipokushonea shati lako la kwanza la shule.

Na friji lako lina adabu. Wiki zile za kwanza lilinguruma kama lori la magogo, Saramma akasema tumefuga simba. Kwaresima ilipoanza likanyamaza, halisikiki kabisa. Ammachi anasema nalo limefunga. Taa yake ya ndani inawaka kweupe, ukifungua mlango uso mzima unang'aa. Ndani hamna kitu zaidi ya dawa, maana maji baridi Ammachi hayataki kwa ajili ya kifua, na nyama hatuna.

Tuombee. Nami nakuombea kila asubuhi, jina lako linafuata la marehemu mume wangu Devassy.

Aleykutty


Sharjah
24 Machi 1994

Chechi,

Sitakaa kusalimia sana leo, nisamehe. Nina jambo moja. Chukua bakuli la bati, lijaze maji, liweke kwenye kile chumba cha juu cha friji, cha barafu. Liache mpaka kesho yake. Kisha uniandikie kama yameganda au hayakuganda. Fanya siku hiyohiyo utakayopata barua hii. Yasipoganda, toa dawa yote, rudi kwa Sista wa zahanati ukaombe nyingine, usingoje jibu langu.

Mbusu Ammachi mkono kwa niaba yangu.

Ouseph


Manjakkunnu
18 Aprili 1994

Ouseph,

Mungu akutie nguvu. Telegramu ya msiba uliipata, najua, kwa sababu jibu lako lilifika siku ya tatu. Sasa nakuandikia kama mtu na nduguye.

Ammachi alituacha Jumamosi tarehe ishirini na sita Machi, saa nne asubuhi. Siku mbili kabla alikuwa anatapika na kusema maneno yasiyoungana. Pumzi yake ilikuwa inanuka kama tunda lililoiva kupita. Gari la parokia lilitufikisha hospitali ya wilaya, daktari akamtazama macho akaniuliza kama anachomwa sindano kila siku. Nikasema kila siku, daktari, nachoma mimi mwenyewe. Alikufa mkono wake uko ndani ya mkono wangu, anakuita wewe kwa lile jina la utotoni. Tulimzika Jumapili ya Matawi, watu wakiwa na makuti yao mkononi. Saramma alimvika soksi, akasema miguu ile siku zote ilikuwa inaona baridi. Kaburi lake liko kando ya la Devassy.

Barua yako ya bakuli ilifika tarehe saba. Sikuliweka bakuli, alikuwa ameshazikwa.

Kuhusu friji usiniulize. Nimelisukuma mpaka kwenye chumba cha kukaushia mpira. Sebuleni pamebaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu, nimeweka mkeka juu.

Ng'ombe anakamuliwa. Sina lingine.

Dada yako


Sharjah
12 Mei 1994

Chechi,

Nimeandika barua hii nikaichana mara nyingi. Umeniambia nisiulize habari za friji, nikajua. Limekufa, na limekufa zamani, na wewe unanificha usiniumize. Hujui kwamba unayemficha ndiye mwenye kosa.

Lile friji halikuwa jipya. Lililetwa dukani kwetu likiwa limekufa, kompresa yake, ile mota inayoleta baridi, imeungua, mwenyewe akaliacha. Niliipasua kompresa, nikasuka waya zake upya kwa mikono yangu, nikaichomelea, nikalipaka rangi nyeupe mara tatu mpaka likang'aa. Niliandika kwenye kasha "jipya" kwa sababu nilijua kasha litafunguliwa mbele ya majirani. Nilitaka waone. Miaka tisa niko huku, na sikuwahi kutuma kitu cha kuwekwa sebuleni.

Ndiyo maana nilikuuliza lilivyonguruma. Uliponiandikia kwamba limenyamaza nilikuwa nimeshika pasi ya kuchomelea risasi, ikaniunguza kidole. Ningeweza kupiga simu kwa padre siku ileile. Ningesema nini? Kwamba nimemdanganya mama? Nikaandika habari za bakuli la maji, nikaipeleka posta, nikajiambia itafika kwa wakati.

Mimi ndiye niliyemuua Ammachi. Sitakuja likizo ya Agosti. Siwezi kusimama kwenye kaburi lile. Ukitaka kunilaani nilaani, lakini usiniandikie maneno ya kunifariji.

Ouseph


Manjakkunnu
2 Novemba 1994
Siku ya Marehemu Wote

Ouseph mdogo wangu,

Miezi karibu sita sikukujibu. Umenitumia kadi ya Mama Bikira Agosti, umemtuma Kunjappu aje kuona kama mimi ni mzima, nami nilimpa chai na ndizi za kukaanga nikamwambia nitaandika. Leo nimetoka makaburini. Nimewasha mishumaa miwili, wa Devassy na wa Ammachi, halafu nikakaa juu ya ukuta wa kaburi nikashindwa kuomba. Soma barua hii umekaa.

Jumapili ya Pasaka Saramma aliniletea nyama ya bata, alijua sitapika. Nikaiweka kwenye friji. Ilikuwa mara ya kwanza kitu cha kuoza kuingia mle. Jumatatu nilipofungua mlango ilikuwa inanuka, na ile taa inawaka kweupe juu yake. Nikashika chupa za dawa zilizobaki. Zilikuwa na joto la chumba. Hapo nikajua kwamba joto liliiharibu dawa, na Kwaresima nzima nilimchoma mama yangu maji.

Sikulifikiria friji lako hata kidogo. Nilifungua stabilaiza yangu. Nikaifunga koili kwenye mashine, nikashika rozari, nikaanza kuuzungusha waya kurudi nyuma, Salamu Maria moja kwa mizunguko kumi. Rozari ikaisha, waya haukuisha. Nikaendelea. Nilimaliza Salamu Maria kumi nyingine ndipo waya ukaachia. Mia sita na thelathini, Ouseph.

Niliisuka tarehe tano Februari. Ni siku aliyokufa Devassy. Kila mwaka siku hiyo, nikimaliza rozari naongeza kumi moja la Salamu Maria kwa ajili ya roho yake, na mkono wangu ulikuwa kwenye mashine, ukaongeza nao. Sisi sote tunafanya hivyo. Bwana Sukumaran kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, anaturudishia transfoma na kutudhihaki kwamba hizi ni za marehemu, si za walio hai. Mizunguko ikizidi, umeme unaotoka unazidi, kifaa cha mtu kinapokea kisichokiweza. Ndiyo maana ile taa iling'aa vile. Mimi niliisifu.

Nilikuandikia kwamba imepimwa. Haikupimwa. Jumamosi ile umeme ulikatika tangu asubuhi, Bwana Sukumaran akaniambia, "Iache, mama, wiki ijayo nitaipitia." Nikamjibu, "Imehesabiwa mbele ya Mama wa Mungu, wewe utapima nini zaidi?" Akacheka. Wote walicheka, nami nikaibeba nyumbani kama mtu aliyeshinda.

Sasa sikia lililo baya kuliko hayo. Barua yako ya Mei ilipofika, nilisoma ukisema umemuua wewe, na usiku huo nililala usingizi mzito, wa kwanza tangu mazishi. Nilikuacha uubebe mzigo wangu. Niliungama kwa Padre mwezi Juni. Hakunipa sala. Kitubio alichonipa ni kukuandikia wewe. Badala yake nimekuwa nikisali rozari, mbili kwa siku, tatu kwa siku, kana kwamba Mungu hakumbuki alichoniagiza. Nilijua huli vizuri. Kunjappu alinieleza umekonda mpaka saa inateleza mkononi. Nikamwekea ndizi nyingine kwenye sahani.

Nimemwambia Sista Redempta. Alilia, akaenda mjini yeye mwenyewe, akarudi na vihesabio kumi na moja vipya. Sasa tunatazama tarakimu. Ukumbi umekuwa kimya, unasikia waya tu. Saramma anasema tumekuwa kama makarani wa mizani. Hakuna anayeombewa tena.

Si wewe, Ouseph. Njoo nyumbani.

Aleykutty


Sharjah
27 Novemba 1994

Chechi,

Barua yako niliisomea dukani, nimeketi juu ya kasha la televisheni. Nilidhani nitakasirika. Nilikasirika, siku nne hivi. Nilimpigia kelele mteja aliyeleta redio ya mtoto. Kisha ikanitoka.

Nitakuambia kama fundi, kwa sababu kama ndugu sijui niseme nini. Kompresa nzima ya kiwandani pengine ingeuvumilia umeme wako mwaka mmoja, pengine zaidi. Na kompresa yangu, ingepata umeme sawasawa, pengine ingefika hata Krismasi hii. Vilikutana vitu viwili, vyote vimesukwa kwa mkono, mkono wako na mkono wangu. Siwezi kukuondoa humo, wala wewe huwezi kuniondoa mimi. Usiniambie tena si mimi.

Nakuja Machi. Nimeomba likizo, nimepewa wiki tatu. Tarehe ishirini na sita nitakuwa hapo, nitasimama pale kaburini kando yako. Sileti kasha lolote.

Ule waya usiutupe, wala usiwarudishie kampuni. Nataka tuuzungushe tena kwenye koili ile, wewe ushike mkono wa mashine, mimi nishike rozari. Haitaunganishwa na kitu. Tukifika mia tano na thelathini, usisimame.

Ouseph wako